Barua ya wazi kwa wanaoteua vitabu vya fasihi: swali la "nafasi ya mwanamke" limetuchosha

Kwenu mnaoteua vitabu vya fasihi vya kusomwa shuleni, mnaotunga mitihani na kupanga alama zake; na kwenu wachapishaji, mnaosubiri orodha hizo ndipo mjue mtachapa nini.

Nawaandikia kuhusu swali moja. Mnalijua, maana halipotei. "Jadili nafasi ya mwanamke katika jamii ukitumia riwaya mbili ulizosoma." Mara nyingine huja limevaa kanga nyingine: "Mwanamke ni chombo cha starehe. Thibitisha." Mwanafunzi naye ana jibu lake tayari, amelirithi kwenye daftari la aliyemtangulia: mwanamke kama mama mlezi, mwanamke kama mtu tegemezi, mwanamke kama chombo cha starehe, mwanamke kama mwanamapinduzi. Hoja nne, kila hoja na mfano wake, hitimisho chini, alama zinapatikana. Kitabu chenyewe si lazima awe amekifungua.

Nimefundisha fasihi muda wa kutosha kujua kwamba mtihani lazima uwepo na kwamba swali lazima lisahihishike. Linalonisumbua ni kuwa swali hili huwachukua wanawake walioandikwa kwa uchungu mkubwa, katika lugha na nchi mbalimbali, likawapanga kwenye rafu kama chupa za dawa, kila moja na lebo yake. Hakuna anayeulizwa jambo ambalo kwangu ndilo la kwanza: huyu mwanamke, hadithi yake anaisimulia nani, na ndani ya hadithi hiyo nani anamsikiliza?

Watazameni watano tu. Emma Bovary wa Gustave Flaubert, Ufaransa, riwaya iliyochapishwa kama kitabu mwaka 1857. Anna Karenina wa Leo Tolstoy, Urusi, miaka ya 1870. Effi Briest wa Theodor Fontane, Ujerumani, 1895. Edna Pontellier wa Kate Chopin, Louisiana, 1899. Rosa wa Euphrase Kezilahabi, binti wa Ukerewe katika Rosa Mistika, 1971. Wa kwanza anameza arseniki. Wa pili anajitupa chini ya treni. Wa tatu anarudi kwa wazazi wake na kudhoofika mpaka anakufa. Wa nne anaogelea kuelekea katikati ya bahari asirudi. Wa tano anajiua angali kijana. Lugha tano, sheria za ndoa zisizofanana, nao wote mwandishi anawafikisha kaburini. Miongozo ya vitabu inayozunguka madarasani inatuambia tuandike nini juu ya jambo hilo: funzo, mwenye tabia mbaya huishia pabaya.

Funzo hilo lina historia yake, tena ya mahakamani. Januari 1857 Flaubert alipandishwa kizimbani Paris kwa kukashifu maadili na dini. Mwendesha mashtaka, Ernest Pinard, alilalamika kwamba katika kitabu kizima hakuna mhusika hata mmoja anayeweza kumhukumu Emma. Wakili wa utetezi, Sénard, hakumpinga kwa kusema kwamba riwaya haina kazi ya kuhukumu. Alisema kitabu kinafundisha wema, kwa sababu msomaji akiuona mwisho wa Emma atauogopa uovu. Februari Flaubert akaachiwa huru. Nikisahihisha majibu ya wanafunzi wetu huwasikia mawakili hao wawili wakiendelea kubishana: mmoja anataka mwanamke ahukumiwe, mwingine anataka kifo chake kiwe onyo. Wote wawili wanapata alama kwenu.

Na ndani ya kitabu kuna nini? Kuna msichana aliyelelewa kwenye shule ya watawa akajilisha riwaya za mapenzi, akaolewa na mume mpole asiyeweza hata kushuku kwamba mkewe ana fikra. Kuna mfanyabiashara anayeitwa Lheureux, anayemkopesha vitambaa na hati mpaka deni linamfika shingoni. Siku zake za mwisho Emma anazunguka mlango kwa mlango akiomba fedha. Mthibitishaji hati anautaka mwili wake kwanza. Mpenzi wake wa zamani anasema hana kitu. Ukisoma kurasa hizo polepole, utaona deni lilimuua angalau sawa na uzinzi, lakini sijawahi kuona mwanafunzi akiambiwa aandike juu ya deni.

Rosa ni hivyohivyo. Baba yake anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Anakua hajafundishwa lolote kuhusu wanaume zaidi ya kuwaogopa, kisha anaachiliwa ulimwenguni, na wenye madaraka wanamchuma kama tunda la njiani. Kitabu kilizuiwa kutumika shuleni, baadaye kikaruhusiwa. Mlimfungulia Rosa mlango, mkampeleka moja kwa moja kwa Pinard.

Hadithi ambayo ningependa kila mtunga mtihani aisome kabla hajashika kalamu ni fupi, na imetoka mbali. Mwaka 1924 Lu Xun wa China aliandika kuhusu mjane anayetumika kwenye nyumba ya watu wakati wa maandalizi ya tambiko la mwaka mpya. Jina lake mwenyewe hatupewi. Tunamjua kwa jina la marehemu mumewe, mke wa Xianglin. Mama mkwe anamteka kutoka kazini na kumwoza kwa nguvu milimani. Mahari iliyopatikana inamwezesha mama mkwe huyo kumwoza mtoto wake mwingine wa kiume. Mume wa pili anakufa kwa homa. Mtoto wao mdogo, Ah Mao, analiwa na mbwamwitu. Mwanamke anarudi kwa tajiri wake wa zamani, na kuanzia hapo kila anayekutana naye anamsimulia habari ya mtoto, kwa maneno yaleyale.

Mwanzoni wanawake wa mji wanalia naye. Wengine wanakuja makusudi kuisikia. Halafu wanaizoea. Wanaijua kwa moyo, wanamkatiza kwa kumtangulia maneno, mwishowe wanamcheka. Nyumbani kwa tajiri haruhusiwi kugusa vyombo vya tambiko, kwa kuwa ni mjane wa mara mbili na mkono wake unatia nuksi. Anaambiwa atoe kizingiti hekaluni kikanyagwe na watu kwa niaba yake, anamaliza akiba yake yote, anarudi akidhani ametakasika, bado anazuiwa. Tunapokutana naye mwanzoni mwa hadithi ni ombaomba. Anamsimamisha msimulizi, kijana msomi aliyerudi kutembea, na kumwuliza kama mtu akifa roho yake inabaki. Msomi anababaika, anasema huenda, anasema hana hakika, anaondoka haraka. Kesho yake anasikia amekufa.

Swali lenu juu ya hadithi hii ninaweza kuliandika nikiwa nimefumba macho: "Onesha jinsi mila zinavyomkandamiza mwanamke." Mwanafunzi ataorodhesha: ndoa ya kulazimishwa, ujane, ushirikina. Yote yamo. Lakini sehemu kubwa ya uchungu wa hadithi hiyo imewekwa kwa wasikilizaji: jinsi huruma inavyochakaa, jinsi watu wema wanavyoigeuza huzuni ya mtu kuwa burudani na kisha kero. Na yule msomi aliyebabaika anapita katikati ya mtihani bila kuguswa. Yule ndiye sisi, jamani. Sisi tuliosoma, tunaojua kila kitu kuhusu mila kandamizi, na tukisimamishwa njiani tunasema huenda.

Lu Xun huyohuyo, Desemba 1923, aliwahutubia wanafunzi wa kike Beijing kuhusu Nora, mhusika wa tamthilia ya Henrik Ibsen ya mwaka 1879, anayemwacha mume na watoto watatu na kufunga mlango nyuma yake. Ulaya ilikuwa imekwisha kuzozana sana juu ya mlango huo. Kwa ajili ya Ujerumani, mwaka 1880, mwigizaji aliyepangiwa kuwa Nora alikataa mwisho huo, akasema yeye asingewaacha wanawe. Ibsen, kwa kuhofia mwingine asije akauharibu zaidi, aliandika mwisho wa pili kwa mkono wake: Nora anaburutwa hadi mlangoni pa chumba cha watoto, nguvu zinamwishia, anabaki. Mwenyewe aliuita ushenzi aliotendewa mchezo wake. Lu Xun hakujali mwisho upi ni mzuri. Aliuliza Nora akishatoka anakwenda wapi, na jibu lake lilikuwa kavu: kama hana fedha, ama atapotoka ama atarudi. Miaka miwili baadaye akaandika habari za Zijun, msichana aliyeondoka kwao kwa ajili ya mapenzi. Mpenzi anapoteza kazi, mapenzi yanakwisha, baba anakuja kumchukua, na binti anafariki. Yote hayo tunayapata kutoka kinywani mwa mwanamume, akijuta.

Haya ndiyo mambo ambayo fasihi inayajua na rafu yenu ya chupa haiyajui. Upweke wa mwanamke mara nyingi umejengwa ndani ya umbo la kitabu. Katika Jane Eyre ya Charlotte Brontë, 1847, mke wa kwanza wa bwana Rochester amefungiwa ghorofani. Tunasikia kicheko chake usiku, tunaona moto aliowasha, lakini yeye hapewi nafasi ya kutueleza lolote. Ilipita zaidi ya miaka 100 kabla Jean Rhys, aliyezaliwa Dominica, hajamwandikia maisha yake katika Wide Sargasso Sea, 1966, akampa utoto, kisiwa na jina, Antoinette. Han Kang wa Korea Kusini, aliyepewa Nobeli mwaka 2024, ana riwaya ya 2007 kuhusu mwanamke anayeacha kula nyama. Ina sehemu tatu: ya kwanza inasimuliwa na mume, ya pili inamfuata shemeji, ya tatu dada. Baba analazimisha nyama mdomoni mwake mbele ya familia nzima. Mwanamke mwenyewe tunaachiwa vipande vya ndoto zake tu. Mwanafunzi akiulizwa "dhamira" za riwaya hiyo ataandika ukatili wa kijinsia, na atakuwa sahihi, na atakuwa ameikosa riwaya.

Sasa Utendi wa Mwana Kupona, wa 1858, maana najua mnausubiri. Wapo wanaoufundisha kama adabu njema, wakafunga kitabu. Wapo wanaoukemea kama kanuni za utumwa, nao wakafunga kitabu. Mimi ningeomba tuanze na aliyekuwa akisema. Ni mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na Sultani wa Zanzibar. Ameugua mwaka mzima. Ana binti, Mwana Hashima, ambaye atabaki na ulimwengu huo bila baba na, punde, bila mama. Anamwambia ashike radhi za watano: Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Anamwambia zaidi, kwamba hata siku ya kiyama neno la mume ndilo litakaloamua aende peponi au motoni. Mnaweza kukubaliana na mafundisho hayo au kuyakataa. Lakini mama anayemweleza mwanawe mambo kwa uwazi namna hiyo anaonesha jinsi mwanamke alivyokuwa hana kinga kuliko riwaya nyingi zilizoandikwa kwa hasira. Tena utendi huo, tofauti na vitabu vitano vya mwanzo, ni mwanamke akizungumza na mwanamke, na anataka wanawake wengine wausome. Hilo halijawahi kuwa hoja kwenye jibu lolote nililosahihisha.

Msikilizaji hubadili kila kitu. Shahrazad wa Alfu Lela Ulela tunamsifu kwa akili na ulimi wake, tunamsahau mdogo wake Dunyazad, aliyeingizwa chumbani ili aombe hadithi. Asingeomba, kusingekuwa na usiku wa pili. Ramatoulaye wa Mariama Bâ, katika riwaya ya 1979 ambayo Kiswahili kimeitafsiri kama Barua Ndefu Kama Hii, amekaa eda ya mume aliyeoa rafiki wa binti yao wenyewe. Anaweza kuwa mke wa Xianglin mwingine, akirudia msiba wake mpaka watu wachoke. Anamwandikia Aissatou, rafiki aliyeachana na mume baada ya kuletewa mke mwenza, na kwa sababu Aissatou anajua, Ramatoulaye hahitaji kujitetea. Anafikiri. Anakasirika. Anakataa posa. Firdaus wa Nawal El Saadawi, katika riwaya iliyotoka kwa Kiarabu mwaka 1975, anamsimulia daktari maisha yake ndani ya gereza la Qanatir, Misri, akisubiri kunyongwa. El Saadawi mwenyewe alifungwa katika gereza hilo mwaka 1981, akaandika kwa penseli ya nyusi kwenye karatasi za msalani. Hawa watatu wako hatarini sawasawa na Emma na Anna. Tofauti yao ni kwamba kuna sikio.

Neno kidogo kuhusu tamaduni, kwa kuwa mnapenda kutukumbusha kwamba vitabu vya kigeni vina "mila zao". Nnu Ego wa Buchi Emecheta, mwandishi wa Nigeria, katika riwaya ya 1979, anazaa na kulea watoto wengi, kisha anafia kando ya barabara pasipo hata mmoja wao. Kote duniani yupo msomaji atakayesema: hizo ni mila za Waafrika. Msomaji huyohuyo atasema Emma ni binadamu aliyechanganyikiwa. Na sisi tunalipiza: Edna ni "mambo ya Wazungu", mke wa Xianglin ni "Wachina wa zamani". Kwa njia hiyo kila darasa linamhurumia mwanamke wa jirani na kumhukumu wa kwake. Riwaya zikipangwa mbilimbili, ya mbali na ya karibu, ni vigumu zaidi kufanya mchezo huo.

Wachapishaji, nanyi. Mwaka 1837 mshairi Robert Southey alimwandikia Charlotte Brontë kwamba fasihi haiwezi kuwa shughuli ya maisha ya mwanamke. Miaka 10 baadaye Brontë alitoa Jane Eyre kwa jina la Currer Bell. Mume wa Emecheta alichoma mswada wake wa kwanza. Tangu 1901 hadi 2024 Nobeli ya fasihi imekwenda kwa watu 121, wanawake 18. Mnaposema vitabu vya wanawake havina soko, kumbukeni kwamba soko lenu ni orodha ya shule, na orodha inatengenezwa na watu mnaokaa nao meza moja. Tamthilia ya Penina Muhando, Nguzo Mama, 1982, inawaonesha wanawake wa kijiji kizima wakihangaika kuisimamisha nguzo na kushindwa, kila mmoja na sababu zake. Ningependa kuifundisha sambamba na Nora. Siwezi kufanya hivyo kama nakala hazipatikani.

Sidai kwamba mwanamke aandikwe na mwanamke tu. Ibsen na Lu Xun walikuwa wanaume, na masikio yao yalikuwa makali. Sidai pia kwamba kila mwanamke kitabuni ashinde mwishoni. Riwaya ya aina hiyo hunichosha upesi kama daftari la hoja nne.

Ninachoomba kinawezekana ndani ya mzunguko mmoja wa uteuzi. Liacheni lile swali lipumzike. Wekeni mahali pake maswali yanayomlazimisha mtoto kufungua kitabu: nani anasimulia tukio hili, na tungejua nini kama angesimulia mwingine? Nani alijua shida ya mhusika mapema, akanyamaza? Fedha zilikuwa mikononi mwa nani? Majibu yake yanasahihishika. Nimeyajaribu darasani na hayafanani, jambo ambalo kwa msahihishaji mvivu ni tatizo, nakiri kwa niaba yetu sote. Orodhani wekeni walau jozi moja ya ndani na nje, na mtenge fungu la tafsiri, kwa sababu hadithi za Lu Xun hazitasomwa na kidato kizima kwa lugha ambayo nusu ya darasa inaipapasa.

Na kabla hamjaweka tena kitabu ambamo msichana anajiua, wapeni walimu mwongozo wa namna ya kukifundisha. Katika darasa lolote la wanafunzi 50 yupo binti anayepigwa kwa sababu ya barua, au ya simu. Akisikia mwalimu anaandika ubaoni "funzo", kisha darasa zima linanakili, anajifunza kwamba hakuna wa kumwambia. Hili ndilo la haraka kuliko yote niliyoandika hapa, na halisubiri bajeti.

Nitashukuru kupata jibu lenu hadharani, kama barua yenyewe ilivyo, pamoja na mpangilio wa alama uliotumika kusahihisha swali hilo mara ya mwisho. Walimu wengi hatujawahi kuuona.

Wenu,
Mwalimu wa fasihi